Siku Mama Alipomfunga Babu

Wiki iliyopita nilipeleka viatu vyangu kwa fundi, soli zilikuwa zimeanza kuachia. Fundi mwenyewe kijana, kaketi kwenye kigoda nje ya duka la mchele. Kabla ya kushona alichukua kipande cha nta, akaupitisha uzi juu yake mpaka ukang'aa. Harufu ile ilinipanda, nikamwomba anisogezee benchi nikae. "Bibi, umechoka?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, nimechoka. Sikuwa nimesema uongo, ila haukuwa uchovu wa kutembea.

Nta ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu. Tulikaa Tabora mjini, nyuma ya soko, katika nyumba ya udongo yenye ua mpana, na katika ua ule mama alikuwa akichemsha masega. Warina asali waliyatoa porini upande wa Sikonge. Tajiri mmoja wa mjini aliyanunua, akakamua asali yake, na makapi yakaletwa kwetu kwa mkokoteni. Mama aliyatia katika pipa la maji ya moto, akayachemsha, akayamimina katika gunia na kulisokota kwa fito mbili mpaka nta yote itoke, maji yakimchirizikia mikononi. Ikipoa, nta ilielea juu na kuganda kama sahani kubwa ya manjano. Kazi hiyo ilianza baada ya sala ya alfajiri na kuisha jua likiwa limeinama. Nguo zake zilinuka nta, nywele zake zilinuka nta, hata michembe ya viazi vitamu aliyotuchemshia ilikuwa na ladha yake kwa mbali. Nyuki walikuwa hawatoki uani kwetu. Mimi niliwaona kama kuku wa nyumbani tu.

Baba yangu alikuwa kwenye mkonge, huko Korogwe, kama wanaume wengi wa kwetu wakati ule. Alirudi, akakaa kidogo, akaondoka tena. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na Babu, baba yake mama, aliyehamia kwetu baada ya bibi kufariki.

Babu alikuwa mpagazi ujanani mwake, kabla reli haijafika. Alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu mpaka pwani na kurudi na majora ya nguo, safari juu ya safari, hata utosini mwake pakabonyea. Akiwa na furaha aliniruhusu niliguse bonde lile kwa kidole. Vituo vya njia ile alivitaja kama mtu anayetaja majina ya nduguze, na mimi nilidhani kweli Tura na Mpwapwa ni shangazi zangu ambao bado sijaonana nao.

Nilikuwa nimepewa jina la bibi, Tatu, kwa hiyo nilikuwa mke wake. Ninyi mliokua miaka yangu mnaujua utani wa babu na mjukuu. Nikirudi kisimani na ndoo yangu, alinisimamisha mlangoni na kukunja uso.

"Wewe binti, mtoto wa nani? Umepotea?"

"Mimi mke wako, mzee!"

"Toka hapa! Mke wangu mzuri kuliko wewe, wala hana pengo la meno."

Kisha tunacheka wote wawili, na mama anatuambia kutoka kwenye moshi wake kwamba maji yanasubiriwa. Huo ulikuwa mchezo wetu wa kila siku, na ndio ulionipotosha baadaye.

Mchezo wake mwingine ulikuwa sataranji. Pale mtaani wazee wote walicheza bao, lakini sataranji waliijua wawili tu, Babu na rafiki yake Mzee Hilali, fundi wa matandiko ya punda. Babu alifundishwa na Mwarabu mwenye msafara, ambaye jioni kambini alikosa mtu wa kucheza naye. Ubao wake aliuchora mwenyewe kwa makaa na chokaa. Watu wake, yaani mfalme, waziri, ndovu, farasi, minara na askari, walichongwa kwa mninga na mpingo. Askari wawili wa mninga walikuwa wamepotea, na mama akatengeneza wengine kwa nta. Siku za joto walilegea wakainama, na Babu aliwaita walevi.

Watoto wa kiume wa Babu walifariki wote wakiwa wadogo, kwa hiyo sataranji alimfundisha mama. Alimfundisha tangu mama akiwa mdogo kama nilivyokuwa mimi, na tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala walikaa ubaoni. Katika miaka yote hiyo mama hakuwahi kumfunga. Wala Babu hakuwahi kumsifu. Mama akicheza vizuri, Babu aliguna tu. Akikosea, alimwambia, "Unacheza kama mtu anayefukuza kuku." Mama alikuwa mtu mzima, mama wa mtu, mwenye kazi iliyomchubua mikono, na bado nilimwona akitazama uso wa baba yake kila alipoinua kidole kutoka kwenye kipande alichosogeza, akingoja kusikia ataambiwa nini.

Siku aliyomfunga ilikuwa Ijumaa ya joto kali, kabla ya mvua. Mzee Hilali alikuwapo, ameketi mkekani akishona mkanda wa ngozi. Nakumbuka mama alimsogeza waziri wake, mkubwa kuliko wote baada ya mfalme, akamwacha wazi kabisa mbele ya mnara wa Babu. Mzee Hilali aliacha kushona. Babu alimtazama mama kwa huruma kidogo, kama mtu aliyeona mwenzake ameangusha sahani, kisha akamla waziri kwa mnara wake. Basi mama akateremsha mnara wake yeye mpaka mstari wa mwisho, nyumbani kwa mfalme wa Babu. Mfalme yule alikuwa amekaa nyuma ya askari wake watatu ambao hawakuwahi kusogea, na mlinzi wake wa mlangoni alikuwa ndiyo kwanza ameondoka kwenda kula waziri. Hakuwa na pa kutokea.

"Mfalme, Baba," mama alisema, kwa sauti ndogo sana.

Babu aliinama juu ya ubao. Aliinama kwa muda mrefu, hata nikafikiri amesinzia.

"Umefungwa, mzee mwenzangu," akasema Mzee Hilali. "Mwajuma amekufunga."

"Hakunifunga," Babu akasema. "Nimejifunga mwenyewe." Akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akaingia ndani.

Mama alibaki akiwapanga watu katika mfuko wao wa kaniki, mmoja mmoja. Nilimrukia shingoni nikamwambia, "Mama, umeshinda!" Akaniambia nikaongeze kuni.

Kesho yake asubuhi Babu alitoa ubao mwenyewe, akawapanga watu kama walivyokuwa kabla ya waziri kuliwa, na akamtuma mtoto wa jirani amwite Mzee Hilali. Mama naye akaitwa kutoka pipani. Hapo ndipo walipoanza kuuchambua mchezo ule, na mimi nikajifunza sataranji kwa kusikiliza tu.

"Nisingemla waziri," Babu alisema. "Nimwache palepale, nicheze kwingine."

"Ningeula mnara wako kwa waziri huyo huyo," mama akajibu, akionyesha kwa kidole chenye nta kavu. "Na mfalme angefungwa vilevile."

"Ungesogeza askari mmoja," Mzee Hilali akasema, "mfalme apate dirisha la kupumulia."

"Akisogeza askari, mnara naula bure," mama akasema. "Halafu atacheza na nini?"

"Basi mapema zaidi!" Mzee Hilali akamgeukia. "Askari angesogezwa mapema, wakati ule ulipokuwa ukihangaika na ndovu wako kule pembeni!"

"Hapo sawa, mzee. Lakini hakusogezwa."

Mzee Hilali akacheka mpaka akakohoa. Babu hakucheka, ila macho yake yalikuwa makali na mazuri. Siku zile za mwanzo nilizipenda. Walisogeza, wakarudisha, wakabishana kama watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea na kila mmoja ameona kwato mahali pake. Mama alijibu kila swali. Kila jibu lake lilikuwa sahihi, na Babu kila alipojibiwa aliguna na kusema tena, "Nimejifunga mwenyewe."

Kisha siku moja Babu akasema amepata njia. Akachukua farasi mweusi mfukoni, akamweka kati ya mfalme wake na mnara wa mama.

"Farasi anaziba hapa. Hakuna kufungwa. Mmeona?"

Mzee Hilali alimtazama mama. Mama alimtazama yule farasi.

"Babu," nikasema mimi, "huyo farasi alishaliwa. Aliliwa mwanzo kabisa."

"Nyamaza, Tatu," mama akasema.

"Lakini aliliwa na ndovu wa..."

"Nimesema nyamaza."

Nilinyamaza nikiwa nimenuna. Babu ndiye aliyenifundisha kwamba aliyeliwa harudi, na leo anarudisha farasi mchana kweupe, na watu wazima wawili wamekaa kimya. Niliamua kwamba ni utani, na kwamba wao walikuwa wanauelewa kuliko mimi.

Baada ya hapo farasi alirudi kila siku. Akaja na mwenzake, kisha ndovu, kisha askari wakawa wamesimama mahali ambapo askari hafiki. Asubuhi moja Babu alimgeukia Mzee Hilali na kumwuliza, "Farjala, mzigo wako umeuweka wapi?" Mzee Hilali akajibu kwa upole kwamba yeye si Farjala. Babu akamkaripia kwa uzembe, akamwambia msafara unaondoka na yeye bado amekaa. Nilicheka sana. Mzee Hilali akakunja ngozi zake, na nilipomsindikiza mpaka mlangoni akaniambia, "Farjala alifia Ugogo, mama yako hajazaliwa." Aliendelea kuleta salamu, akaleta na mahindi msimu ulipofika, lakini kukaa ubaoni hakukaa tena.

Akabaki mama peke yake. Aliitwa asubuhi, akaitwa mchana, akaitwa gunia likiwa mkononi. "Mwajuma! Njoo, nimeipata!" Naye anakwenda, anakaa, anasikiliza, anasema, "Ndiyo, Baba," anarudi motoni. Kabla hajashika fito anaitwa tena, na ni kama hakuitwa kamwe. Alianza kula akiwa amesimama. Usoni alipata rangi ya majivu, na jioni akiketi kunisuka nilihisi vidole vyake vikisimama katikati ya usukaji, kisha vinashtuka na kuendelea.

Siku moja alipoitwa, moto ulikuwa mkubwa. Alikwenda kukaa ubaoni, kando ya kitanda cha Babu, na nyuma yake pipa likafura, nta ikamwagikia kwenye kuni, mwali ukapanda mpaka usawa wa nyasi za paa la banda. Mama alikimbia akalisukuma pipa kwa gongo, likapinduka, na maji yakamwunguza mkono kuanzia kiwiko kushuka. Nilileta asali, maana hiyo ndiyo dawa tuliyokuwa nayo, nikampaka huku nalia. Kutoka kitandani kwake Babu aliita, "Mwajuma! Njoo, nimeipata!"

Mama akaenda, mkono ukichuruzika asali. "Ulifungwa!" akamwambia. Sikuwa nimewahi kumsikia akimpandishia sauti mzazi wake kabla ya siku ile. "Baba, ulifungwa! Nilikufunga, na hakuna njia, hakuna, hakuna! Niache nifanye kazi!"

Babu alirudi nyuma kitandani, mabega yakamwinuka kama mtoto anayengoja kiboko. Mama aliona. Alipiga magoti akamshika miguu, akaomba radhi, na Babu akamwekea mkono kichwani. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake, uji haujapoa, "Mwajuma! Nimeipata!"

Tangu siku ile mama hakumbishia tena. Babu akimweka farasi, mama alisema, "Kweli, Baba, hapo umeniweza." Akila chochote, mama alisema, "Umeshinda." Mimi nilikasirika sana. Ushindi ule nilikuwa nimejisifia kisimani kwa wenzangu wote, na sasa mama alikuwa anaugawa bure kila asubuhi, kwa mtu anayecheza na watu waliokwisha kuliwa. Nilimwuliza kwa nini anakubali kushindwa kwa uongo. Alikuwa akifunua kitambaa cha mkononi, akipuliza kidonda.

"Nimechoka, Tatu," akasema.

Nililiona jibu la kivivu. Leo nimemuuguza mume wangu miaka yake ya mwisho, nikaosha, nikalisha, nikajibu swali lile lile tangu asubuhi mpaka jioni, na sijapata jibu bora kuliko lile.

Babu alifariki mvua za mwanzo za mwaka uliofuata zilipokuwa zimelainisha udongo, na Mzee Hilali ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Babu alikwenda kwa utulivu, akiwa amelala, na sitasimulia zaidi. Ninalotaka kulisimulia lilitangulia kidogo, alasiri moja ya upepo mwekundu, ule unaoleta vumbi mpaka ndani ya chungu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukutani penye kivuli. Mama alimletea uji wa ulezi katika bakuli. Babu alipomwona aliamka haraka, akashusha kanzu ifunike magoti, akakaa kwa adabu kama mgeni aliyekutwa amejinyoosha.

"Ahsante, mama," akasema. "Mungu akubariki. Hapa tumeshapita Tura?"

Nilikuwa nimekaa chini nikipembua karanga. Nikaanza kucheka kimoyomoyo, nikingoja mama ajibu.

"Mmeshapita, mzee," mama akasema.

"Na Unyanyembe bado mbali?" akauliza, akiitaja Tabora yetu kwa jina la zamani.

"Si mbali. Mtafika."

"Alhamdulillahi. Maana nina binti huko, Mwajuma." Akapokea bakuli kwa mikono miwili. "Unaijua sataranji wewe?"

"Kidogo."

"Basi yule alinifunga. Mimi!" Akajipiga kifuani, uji ukamwagika kidogo. "Alinipa waziri wake nikamla. Unajua tangu siku ile natembea nikiufikiria mchezo ule? Nikisogeza askari, mnara unakwenda. Nikimwacha waziri, ni yale yale. Nimepita kila mahali, hakuna njia. Alikuwa ameshanifunga zamani, mimi nimekaa tu sijui. Hata yule Mwarabu bwana wangu asingeuona mchezo kama ule."

Mama alikuwa bado amesimama. Akachuchumaa taratibu mbele yake, mkono wenye kovu juu ya goti.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nani?"

"Binti yako. Ulimwambia kwamba alikufunga?"

Babu alifikiri. Alifikiri kweli, nikaona paji lake likikunjamana. "Sikumwambia," akasema. "Nilimwambia maneno mengine. Lakini nikifika nitamwambia."

"Mwambie, mzee. Atafurahi."

"Unadhani?"

"Atafurahi sana."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka karanga zikamwagika, nikasema, "Babu! Si huyu hapa!"

Mama hakunikaripia. Hata hakugeuka. Babu ndiye aliyenitazama.

"Na wewe binti, mtoto wa nani?"

"Mimi mke wako, mzee!" nikajibu, nikasimama kabisa, mikono kiunoni, nikingoja anifukuze na pengo langu la meno.

Babu akaendelea kunitazama. Kisha akamwinamia mama, akamwuliza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kumfedhehesha mwenye nyumba, "Mtoto huyu ana homa?"

"Hapana, mzee," mama akasema. "Anatania tu."

"Aah." Akanitabasamia kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa watu, akaendelea na uji wake.

Nilikaa chini. Nikaanza kuokota karanga moja moja, na nilipoinua macho nilikuwa nimeshaelewa, si kwa maneno, maana maneno yake nimeyapata ukubwani. Nilielewa tu kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nacheka peke yangu.

Babu alimaliza uji, akashukuru tena, akajinyoosha na kulala. Mama alimfunika miguu kwa kanga. Nilitazamia arudi pipani, kwa sababu masega yalikuwa bado yamejaa pembeni na jua lilikuwa juu. Hakurudi. Alitandika mkeka chini, ubavuni mwa kile kitanda, akajilaza kwa upande, akauweka mkono wake mbovu juu ya mzima. Sikuwa nimewahi kumwona mama amelala mchana. Nilimwita mara moja, polepole, hakuitika. Alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi kidogo, na moto wake ulikuwa unazimika.

Nikachukua kipepeo cha ukindu, nikakaa kati yao, nikawafukuzia wote wawili nzi mpaka jua liliposhuka.